Hadithi Inayohitaji Mkono wa Mchezaji: Michezo ya Video Ninayoipendekeza kwa Wapenda Masimulizi

Mabibi na mabwana, ndugu wapenzi wa hadithi,

Nimeombwa nizungumze kuhusu michezo ya video yenye masimulizi mazito, na nipendekeze ile ambayo mtu anayethamini hadithi hapaswi kuikosa. Nimeipokea kazi hii kwa furaha, kwa kuwa nimeishi na michezo hii muda mrefu na ninaamini kwa dhati kwamba michache kati yake inafika mahali ambapo riwaya na tamthilia, pamoja na utukufu wake wote, hazina njia ya kufika. Hata hivyo, kabla sijataja jina la mchezo wowote, ni haki yenu kujua ninatumia kipimo gani, maana kila anayependekeza ana kipimo chake, hata asipokitaja.

Kipimo changu ni mkono wa mchezaji. Chukua mchezo wowote, kisha umsimulie mwenzako kisa chake kuanzia mwanzo hadi mwisho bila yeye kugusa kitufe hata kimoja. Ikiwa kisa kimemfikia kikamilifu, basi hiyo ni hadithi nzuri iliyopangishwa ndani ya mchezo, na huenda ingestawi zaidi ndani ya kitabu. Lakini ikiwa mwenzako amesikia matukio yote kwa mpangilio wake na bado kiini hakijamfikia, kwa sababu kiini kilikuwa katika kutenda, hapo tumekutana na simulizi ambayo ni ya mchezo wa video kwa asili yake. Michezo ya namna hii si mingi, na ndiyo iliyonileta mbele yenu.

Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu sifa nyingi zinazotolewa kwa hadithi za michezo zinaelekezwa mahali pengine kabisa. Tunasifu uigizaji wa sauti, nyuso zilizochorwa kwa uhalisia, na vile vipande virefu vya sinema ambavyo mchezaji anaweka pedi, yaani kifaa cha kuchezea kinachoshikwa kwa mikono miwili, mapajani na kutazama. Hayo ni mambo mazuri, lakini yameazimwa kutoka kwenye filamu. Mwaka 1976, Will Crowther alipoandika mchezo wake wa kuchunguza pango kwenye kompyuta, na Don Woods alipoupanua mwaka 1977, hapakuwa na picha wala sauti: kompyuta ilimweleza mchezaji mahali alipo, mchezaji akaandika amri ya neno moja au mawili, na kisa kikasogea kwa sababu yeye ndiye aliyekisogeza. Msingi uliwekwa pale, na kila mchezo nitakaoutaja leo unasimama juu yake.

Nianze na ule ninaoupenda kuliko yote. What Remains of Edith Finch ulitolewa mwaka 2017 na studio ya Giant Sparrow, na mwaka uliofuata ulitunukiwa tuzo ya mchezo bora ya BAFTA, taasisi ya Uingereza ya filamu, televisheni na michezo ya video. Msichana wa miaka 17 anarudi kwenye nyumba ya ukoo wake katika jimbo la Washington, Marekani, nyumba iliyopandishiwa vyumba juu ya vyumba kizazi baada ya kizazi, ambamo vyumba vya marehemu vimefungwa na kuachwa kama vilivyokuwa siku walipoondoka. Katika kila chumba tunakuta kisa cha namna mwenyewe alivyofariki, na kila kisa kinachezwa kwa mtindo ambao haurudiwi tena mahali pengine.

Kisa kimoja kinamhusu Lewis, kaka yake Edith, anayefanya kazi katika kiwanda cha kusindika samaki. Kijiti cha kulia cha pedi, kinachosukumwa kwa kidole gumba, kinamvuta samaki hadi kwenye kisu. Kichwa kinakatwa, kiwiliwili kinatupwa kwenye mkanda, na samaki mwingine anashuka. Wakati huohuo, katika kona ya skrini, mawazo ya Lewis yanaanza kujenga ulimwengu mdogo, na kijiti cha kushoto kinamwongoza mtu mdogo akitembea ndani yake. Ulimwengu huo unapanuka polepole, unapata rangi, miji, muziki na watu wanaomshangilia, mpaka unaifunika skrini nzima na kiwanda kikabaki kivuli tu. Mkono wa kulia, hata hivyo, haujaacha kukata samaki. Baada ya muda unatambua kwamba hukumbuki mara ya mwisho ulipoutazama, kwamba unakata bila kujua kuwa unakata, na katika dakika hiyo unafahamu maisha ya kijana huyu kutoka ndani, kwa mikono yako miwili iliyogawanyika kama alivyogawanyika yeye. Mwandishi hodari anaweza kutueleza kwamba mtu fulani alifanya kazi bila akili yake kuwepo. Hapa akili ya msikilizaji mwenyewe ndiyo iliyoondoka. Sijakutana na mfano safi kuliko huu wa kile ninachokiita simulizi ya mkono.

Mchezo huu unamalizika kwa takriban saa tatu. Ni lazima niseme pia kwamba unazungumzia vifo vya watoto na kifo cha kujiua, na kwamba mtu aliye katika msiba wa karibuni anaweza kuuahirisha bila kupoteza chochote.

Kwa msingi unaofanana na huo, Brothers: A Tale of Two Sons wa mwaka 2013, ulioongozwa na Josef Fares, unampa mchezaji ndugu wawili wanaosafiri kutafuta dawa ya baba yao mgonjwa. Kijiti cha kushoto ni kaka mkubwa, kijiti cha kulia ni mdogo wake. Wahusika wanazungumza lugha ya kubuni isiyoeleweka na yeyote, kwa hiyo hakuna mchezaji anayekuwa mgeni zaidi ya mwingine. Karibu na mwisho, mpangilio huo wa vijiti viwili unasema jambo moja kuhusu udugu, na unalisema kwa vidole vyako. Sitalifichua, kwa sababu nikilifichua nitakuwa nimewanyang'anya mchezo wote.

Sasa niingie kwenye suala ambalo huzua ubishi kila mara. Wapo wanaoamini kwamba mchezo wenye hadithi bora ni ule unaompa mchezaji uchaguzi mwingi zaidi na miisho mingi zaidi. Siafikiani nao. Michezo miwili niliyoitaja haina uchaguzi wowote wa maana. Njia ni moja na mwisho ni mmoja. Nguvu yake inatokana na kwamba wewe ndiye uliyetenda, hata kama hukuulizwa.

The Last of Us, mchezo wa studio ya Naughty Dog uliotoka mwaka 2013, unalithibitisha hili kwa ukali. Miaka 20 baada ya ugonjwa wa kuvu kuangamiza ustaarabu, mwanamume aitwaye Joel anapewa kazi ya kumvusha msichana wa miaka 14, Ellie, katika nchi iliyobomoka. Mwaka 2023 HBO, kituo cha televisheni cha Marekani, iliigeuza simulizi hii kuwa tamthilia ya televisheni, na ikafanikiwa, jambo linaloweza kuonekana kukipinga kipimo changu. Kwa sehemu kubwa ya kisa ninakubali kwamba televisheni haikupoteza mengi. Lakini katika saa ya mwisho Joel anachukua uamuzi ambao wachezaji wengi wasingeuchukua, mchezo haukupi nafasi ya kukataa, na skrini inasubiri mpaka ubonyeze kitufe. Mtazamaji wa televisheni anamhukumu Joel akiwa amekaa kitini. Mchezaji anabaki na swali lisilo raha la kwa nini kidole chake kilitii. Mchezo huu ni wa watu wazima, na ukatili wake si mapambo. Nisingependa kuona mtoto ameketi karibu nao.

Hii haina maana kwamba uchaguzi ni kitu cha bure. Una thamani pale unapotokana na uhitaji, si pale unapoletwa kama menyu ya wema na ubaya. Katika Papers, Please, mchezo wa mwaka 2013 wa Lucas Pope, wewe ni ofisa wa uhamiaji katika nchi ya kubuni iitwayo Arstotzka mwaka 1982. Unakagua pasipoti, unalinganisha tarehe, unagonga muhuri. Unalipwa kwa idadi ya watu unaowashughulikia, na jioni mshahara huo unagawanywa kati ya chakula, joto, kodi ya nyumba na dawa za familia yako. Siku moja anapita mwanamume mwenye karatasi kamili, anakuomba umtendee wema mkewe aliye nyuma yake katika foleni, na karatasi za mke hazijatimia. Ukimpitisha utaandikiwa onyo, na maonyo yakizidi katika siku moja mshahara unakatwa. Hakuna muziki unaokwambia lipi ni jema. Kuna mtoto mgonjwa nyumbani, kuna mwanamke dirishani, na kuna foleni inayosubiri. Mchezo una miisho 20, lakini ninaamini fahari yake haimo katika idadi hiyo. Imo katika jinsi kazi ya kugonga muhuri inavyomfanya mtu wa kawaida awe mkatili kwa sababu tu amechoka na ana haraka.

Studio ya 11 bit ya Poland ilifanya jambo la karibu na hilo mwaka 2014 katika This War of Mine, mchezo uliochochewa na kumbukumbu za kuzingirwa kwa Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia, wakati wa vita, ambamo hatuwi askari bali raia wanaotafuta chakula usiku katika nyumba za wengine, zikiwemo za wasioweza kujitetea. Anayeiba kwa wazee anarudi na chakula, na pia anarudi na huzuni itakayomlaza kitandani kesho yake. Mwaka 2020 serikali ya Poland ilitangaza kuuingiza katika orodha ya kazi zinazopendekezwa kwa wanafunzi wa sekondari, na ninaona ulistahili.

Kuna aina nyingine ya michezo ambayo mkono unafanya kazi ndogo na akili ndiyo inayotenda. Hapa ndipo ninapoomba subira yenu, kwa kuwa mapendekezo yangu mawili mazito zaidi yapo katika kundi hili.

Outer Wilds ulianza kama kazi ya shahada ya uzamili ya Alex Beachum katika Chuo Kikuu cha Southern California, ukatolewa mwaka 2019 na studio ya Mobius Digital, na mwaka 2020 ukapata tuzo ya BAFTA ya mchezo bora. Msiuchanganye na mchezo mwingine wa mwaka huohuo wenye jina linalokaribiana nao sana. Wewe ni mwanaanga mpya katika mfumo mdogo wa sayari. Unapewa chombo chako, unaruka, na baada ya dakika 22 jua linalipuka na kila kitu kinateketea; kisha unaamka tena pale ulipoanzia. Huongezewi nguvu, hupati silaha, chombo chako hakiboreshwi. Kitu pekee unachovuka nacho kutoka mzunguko mmoja hadi mwingine ni kile ulichojifunza. Sayari moja inamegeka vipande vipande vinavyodondokea ndani ya shimo jeusi lililo katikati yake. Sayari mbili pacha zinapokezana mchanga, moja ikifukiwa huku nyingine ikifunuliwa, kwa hiyo kuna milango inayofikika mapema tu na mingine inayofikika kwa kuchelewa tu. Katika magofu yote hayo yamebaki maandishi ya watu waliotoweka zamani, Wanomai, wakibishana, wakitaniana, wakipanga utafiti wao, bila kujua litakalowapata.

Ninachokistaajabia ni kwamba mchezo huu haukufungii kitu. Mtu anayejua yote angeweza kuufikia mwisho katika mzunguko wa kwanza kabisa. Kufuli pekee ni ujinga wako, na ufunguo pekee ni kuelewa. Ndiyo maana unachezwa kwa ukamilifu mara moja tu katika maisha, na ndiyo maana nawasihi msitafute maelezo yake popote kabla ya kuumaliza. Mkikwama, ondokeni mwende sayari nyingine. Jibu la fumbo la hapa mara nyingi limeandikwa ukutani kule. Kuhusu mwisho wake nitasema tu kwamba unakabili suala la vitu kuisha kwa upole nisioukuta mara nyingi katika sanaa yoyote.

Wa pili ni Return of the Obra Dinn wa mwaka 2018, kazi nyingine ya Lucas Pope, aliyeuchora kwa nukta za rangi mbili tu. Merikebu iliyong'oa nanga mwaka 1802 kisha ikapotea baharini inarudi mwaka 1807 bila mtu hai ndani yake, na wewe ni mkaguzi wa Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki unayetakiwa kueleza yaliyowapata watu 60. Una kitabu chenye orodha ya majina na michoro ya nyuso, na una saa ya mfukoni ambayo, ukiisimamisha mbele ya mabaki ya marehemu, inakusikilizisha sekunde za mwisho za uhai wake na kisha kukuweka ndani ya tukio lililoganda. Hakuna anayekutajia jina la mtu. Inakubidi utambue lafudhi, mavazi, nani anakaa na nani, namba iliyoandikwa kwenye kitanda cha kamba ambacho baharia amelala. Kitabu kinathibitisha majibu yako matatu kwa pamoja, ili kubahatisha kusikusaidie sana. Hadithi inakuja kinyumenyume na vipande vipande, na wewe ndiye unayeiunganisha. Kwa maana hiyo msimulizi wa Obra Dinn ni mchezaji, na ushujaa na usaliti wa mabaharia wale unakuathiri kwa sababu uliwatafuta mmoja mmoja mpaka ukawajua.

Baada ya michezo hiyo isiyo na maneno mengi, haki inataka nitaje ule ulioshiba maneno. Disco Elysium wa mwaka 2019, uliobuniwa na studio ya ZA/UM yenye asili ya Estonia chini ya uongozi wa Robert Kurvitz, una maandishi yanayozidi maneno milioni moja. Mpelelezi wa polisi anaamka katika chumba cha hoteli akiwa amelewa kiasi cha kusahau jina lake, na nyuma ya hoteli kuna maiti inayoning'inia mtini. Stadi zake 24, kama mantiki, huruma na mamlaka, zinamsemesha kichwani kama watu, kila moja na tabia yake, na mara nyingi zinamdanganya. Unapojaribu jambo gumu kete mbili zinarushwa, na uzuri wake ni kwamba kushindwa kunaandikwa kwa uangalifu uleule wa kushinda. Yapo mazungumzo bora kabisa ambayo hayapatikani ila kwa kete mbaya. Pembeni yake yupo Kim Kitsuragi, ofisa mwenzake, mtulivu na mwadilifu, na utajikuta unaacha upuuzi fulani kwa sababu tu hutaki Kim akuone ukiufanya. Heshima hiyo kwa mtu wa kubuni ni ushahidi wa uandishi wa daraja la juu. Lazima niseme wazi kwamba Kiingereza chake ni kigumu, chenye istilahi za siasa na falsafa.

Mtanisamehe nikipita haraka kwenye ile michezo mikubwa inayotajwa kwanza kila mahali. The Witcher 3 wa mwaka 2015 una kisa cha baroni mlevi na familia yake ambacho ni miongoni mwa visa bora vilivyowahi kuandikwa katika gemu yoyote, na Arthur Morgan wa Red Dead Redemption 2, wa mwaka 2018, ni mhusika anayekua mbele ya macho yetu kama wachache wanavyokua. Lakini kati ya kurasa zake nzuri kuna saa nyingi za kuua watu wasio na majina, na mhusika anayejutia damu katika sinema anaimwaga bila kusita mara tu pedi inaporudi mikononi. Mkono unasema lake na mdomo unasema lake. Ichezeni, kwa kuwa inafaa, ila mjue mnachokosa.

Nimalizie mapendekezo kwa mchezo ambao wasomaji wa Kiswahili wana sababu ya pekee ya kuujua. Tales of Kenzera: Zau, uliotolewa mwaka 2024 na Surgent Studios ya mwigizaji Abubakar Salim, unaweza kuchezwa kwa sauti za Kiswahili. Salim aliubuni kutokana na kufiwa na baba yake. Kijana Zau, mganga, anamtaka Kalunga, mungu wa mauti, amrudishie baba yake, na safari yao ya pamoja ndiyo mchezo. Mapigano yake ni ya kawaida na kurukaruka kwake kumeonekana kwingine. Hata hivyo, mazungumzo kati ya mfiwa na mauti yenyewe yameandikwa na mtu anayejua anachokisema, na kuyasikia kwa Kiswahili ni kuyasikia kwa ukaribu ambao michezo mingine ya kiwango hiki haijatupa.

Kwa anayeuliza aanzie wapi, jibu langu linategemea hali yake. Asiyewahi kushika pedi aanze na Edith Finch, kwa kuwa hakuna kushindwa ndani yake na jioni moja inatosha. Asiyependa kusoma Kiingereza achukue Brothers au Zau. Mwenye rafiki wa kukaa naye afungue Obra Dinn, mmoja akishika pedi na mwingine akishika daftari, kwa sababu macho manne yanaona namba za vitanda haraka zaidi. Outer Wilds apewe mtu mwenye udadisi na uvumilivu, naye autengee majuma kadhaa bila kuuchanganya na mchezo mwingine. Disco Elysium usubiri mpaka mtu awe tayari kusoma kama anavyosoma riwaya nene.

Nawashukuru kwa kunisikiliza, na sasa niko tayari kupokea maswali yenu, ila naomba anayetaka kuuliza kuhusu mwisho wa Outer Wilds anifuate pembeni baada ya kikao.